Uliza Maana Kwanza



Himdi zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyempa mwanadamu ulimi, na akampa pamoja nao akili ya kuuongoza. Sala na salamu zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na ahali zake na masahaba zake. Amma baad.

Leo nimekuja kwako na kosa langu mwenyewe. Nimekaa nalo miaka mingi bila ya kulisema, na sasa nimekwishapita miaka 60, najua kuwa mtu wa umri wangu hapaswi kuweka akiba ya maneno. Kosa lenyewe linahusu wimbo, na linahusu neno moja tu katika wimbo huo. Lisome mpaka mwisho, kisha utazame nyumbani kwako kama halipo la mfano wake.

Mimi ni mtu wa Pangani. Nilisoma chuoni kwa babu yangu mzaa mama, nikahitimu Qur'ani, nikasoma fiqhi na nahau kidogo, na Maulidi ya Barzanji nikawa nayasoma bila ya kutazama kitabu. Mwaka 1984, nikiwa kijana wa miaka 24, jamaa zetu waliokuwa wakifanya biashara Mwanza walituma barua kutaka mwalimu wa kuwasomesha watoto. Nikapanda gari moshi Dar es Salaam, nikapita Morogoro, Dodoma na Tabora, na baada ya siku mbili nikashuka Mwanza, mji wa majabali, penye ziwa ambalo jicho haliuoni mwisho wake.

Ewe msomaji uliyezaliwa pwani, usidhani kuwa huko nilikuta nyika tupu. Uislamu uliingia katika nchi zile kwa njia za misafara, na katika nyumba nyingi za Mwanza utakuta baba Msukuma, mama Mmanyema, na jirani Mhaya au Mkerewe, wote wanasali msikiti mmoja na wote wanasema Kiswahili. Lakini kila mmoja ana lugha ya mamaye, ambayo kwayo hulia msibani na humbembeleza mtoto usiku. Hili la mwisho ndilo ambalo mimi sikulitia maanani. Nilitoka kwetu nikiwa na dhana kwamba dini ina lugha mbili tu, Kiarabu na Kiswahili, na kwamba lugha nyingine zote ni lugha za ushenzini. Neno baya hilo, lakini tusidanganyane, lilikuwa vinywani mwetu, na pengine mpaka leo halijatoka.

Chuo chetu kilikuwa barazani mwa nyumba moja upande wa Kirumba, karibu na ziwa. Miongoni mwa wanafunzi wangu alikuwapo mvulana wa miaka kama tisa, mtoto wa mvuvi wa Kisukuma aliyesilimu. Alikuwa mtulivu, na sauti yake nzuri. Jioni moja, magharibi ikikaribia, watoto wakubwa walikuwa wakisoma Burda, na yeye nilimtuma ziwani kuteka maji ya udhu. Akachelewa. Nikamfuata. Nikamkuta amekaa juu ya jiwe, ndoo tupu iko kando, uso ameuelekeza ziwani, anaimba kwa Kisukuma. Sikufahamu kitu ila neno moja lililokuwa likirudi kila mara: Liwelelo, Liwelelo. Nilikuwa nimekwishasikia watu wakitaja majina ya mizimu, nikasema moyoni mwangu, huyu anamwita jini, tena saa ya magharibi, tena ametumwa maji ya udhu!

Bakora nilikuwa nayo mkononi. Nikampiga, na nilimpiga zaidi ya anavyostahili kupigwa mtoto, huku nikimwambia, “Taja Mungu! Taja Mungu!” Naye alikuwa akinitazama kama mtu asiyefahamu anachoambiwa, na mimi mtazamo ule nikauhesabu kuwa ni ukaidi.

Kesho yake hakuja chuoni, wala kesho kutwa.

Ilipopita kama wiki moja, mzee mmoja wa Kisukuma, ambaye hakosi safu ya mbele msikitini, aliningoja baada ya sala ya isha.

“Shikamoo mzee,” nikamwambia.

“Marahaba, mwalimu. Yule mtoto umempigia nini?”

“Alikuwa akiimba jini, mzee.”

“Jini gani?”

Nikalitaja lile neno. Mzee akanyamaza kitambo, akachezea tasbihi yake, kisha akasema, “Mwalimu, hilo si jini. Hilo ni jina ambalo sisi tulimwitia Muumba kabla hatujasikia Kiswahili wala Kiarabu. Babake yule mtoto alitoka na karabai usiku kwenda kuvua dagaa, kukaja dhoruba. Siku ile uliyompiga ilikuwa siku ya pili hajarudi. Wimbo ule ni wa bibi yake. Unamwomba aliyeyaumba maji awarudishe walio majini.”

Nikamwuliza kwa sauti ndogo, “Na babake amerudi?”

“Hakurudi.”

Ndugu msomaji, nilikwenda nyumbani kwao asubuhi yake. Nikaambiwa kuwa bibi amemchukua mjukuu wake, wamevuka kwenda kwa jamaa zao visiwani. Nikarudi na sukari niliyokuwa nimewapelekea, na siku ile sikuweza kusomesha.

Tangu hapo likaanza kunisumbua jambo ambalo sikupata kulifikiri maisha yangu yote. Hili neno letu, Mungu, tunalolitaja asubuhi na jioni, limetoka wapi? Si neno la Kiarabu. Ni neno la Kibantu, nduguye Mulungu wa Wagiriama, wa Wagogo na wa Wayao. Wazee wetu walikuwa nalo kabla Uislamu haujawafikia, na walipoingia katika dini hawakulitupa. Walilisafisha maana yake, wakaondoa humo kila kilichokuwa kikishirikishwa, wakamtaja kwalo Mmoja asiye na mshirika. Na hata jina tukufu la Allah, Waarabu wa zama za ujahili walikuwa wakilitaja; baba yake Mtume (S.A.W.) aliitwa Abdallah, na Qur'ani ilikuwa bado haijateremka. Basi lau mwalimu wa kwanza aliyefika Pangani angalimkuta babu wa babu yangu akiita “Mungu”, akamshukia kwa bakora bila ya kumwuliza anamkusudia nani, leo mimi ningalikuwa nani?

Wala sisemi kwamba kila lililofanywa chini ya jina lile la Kisukuma lilikuwa ni haki. Matambiko ni matambiko, na shirki ni shirki kwa lugha yoyote. Ninalolisema ni kwamba mimi sikujua. Nilihukumu sauti, maana sikuifikia. Na mwenye kuhukumu asichokijua amedhulumu, hata ikasadifu hukumu yake kuwa sawa.

Likanichoma na la pili. Saa ile ile niliyokuwa nikimpiga yule mtoto, wenziwe walikuwa barazani wakisoma Burda kwa sauti nzuri, na mimi ndiye niliyewafunza. Imam Busiri, mtu wa Misri wa karne ya 13, aliianza kasida yake hiyo ya kumsifu Mtume (S.A.W.) kwa machozi ya mtu aliyeachwa na wapenzi wake. Hiyo ilikuwa desturi ya washairi wa Kiarabu, kuanza kwa mapenzi ndipo waingie katika makusudio. Watoto wangu walikuwa wakiyaimba machozi hayo kila wiki, na hapana hata mmoja aliyepata kuniuliza maana yake, wala mimi sikupata kujiuliza kama wanaijua. Basi waliokuwa wakiimba mapenzi bila ya kujua nikawatikisia kichwa kwa ridhaa, na aliyekuwa akimwomba Muumba wake kwa machozi ya kweli nikampiga.

Na hebu tumkumbuke Kaab bin Zuhair. Huyu alikuwa mshairi aliyemtukana Mtume (S.A.W.) kwa mashairi, kisha akaja Madina kutaka amani. Alisimama mbele ya Mtume akasoma kasida yake, na kasida hiyo inaanza kwa habari ya mwanamke, Suad, aliyeondoka akamwacha na majonzi. Kisha inapita katika sifa za ngamia, na ndipo mwishowe inafika kwenye kuomba msamaha na kumsifu Mtume. Naye Mtume (S.A.W.) alimsikiliza mpaka mwisho, na imepokewa kwamba alimvika joho lake. Fikiri, ndugu yangu: lau mshairi yule angalikuja chuoni kwangu Kirumba, asingalifika kwenye ngamia.

Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hili kuliko sisi. Ile Hamziya, nayo ni ya Imam Busiri, hawakuridhika kuiimba kwa Kiarabu tu. Sayyid Aidarusi wa Pate aliifasiri kwa Kiswahili ubeti kwa ubeti, na katika miswada ya zamani utaona Kiswahili kimeandikwa chini ya kila mstari wa Kiarabu, ili mwenye kuimba aone anachokiimba. Na Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Mungu amrehemu, tafsiri yake ya Qur'ani ilipotoka kamili mwaka 1969, alikuwa akiifuata njia hiyo hiyo, kwamba kusoma ni thawabu, na kufahamu ni haki ya msomaji.

Sasa, pengine utasema, “Huyu sheikh amekuja kutuhalalishia kila wimbo.” Hasha. Ngoja nikupe upande wa pili, na huu unatuhusu sisi wa pwani hasa.

Miaka michache baada ya hayo, palikuwa na harusi Mwanza katika nyumba ya watu wa kwetu. Pakapigwa taarabu. Mwimbaji akaimba habari za chombo kilichosafiri miaka mingi na nahodha mmoja katika bahari zote, kisha nahodha akaona chombo kipya bandarini, akakishusha cha zamani matanga. Sauti ilikuwa tamu na Kiswahili kilikuwa fasaha. Majirani wa Kisukuma walipiga makofi, na mama mmoja akamwambia mke wangu, “Wimbo mzuri huu wa mabaharia.” Lakini wanawake wa pwani wote walikuwa wamegeuza shingo kumtazama mwenzao mmoja aliyekaa pembeni na mtoto mapajani. Alikuwa mke mkubwa wa bwana harusi. Chombo kilikuwa yeye. Akainuka, akajifunika buibui lake, akatoka, na nyuma yake vigelegele vikazidi.

Je, wimbo ule na wa yule mtoto, upi ulistahili bakora? Wa kwanza ulikuwa kwa lugha yetu, kwa vina na mizani, hauna neno hata moja la tusi, na ulivunja moyo wa Muislamu mbele za watu. Wa pili ulikuwa kwa lugha tusiyoijua, na ulikuwa ni dua. Masikio yangu yaliyazoea mafumbo ya kwetu hata nikayaona ni ufundi tu, na yaliogopa neno geni hata nikaliona ni jini.

Fumbo lenyewe halina dhambi. Siti binti Saad wa Unguja, ambaye sahani zake zilirekodiwa Bombay mwaka 1928, aliimba pia juu ya dhuluma walizofanyiwa wanyonge, na watu wakafahamu. Wasukuma nao wana vyama vyao viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo baada ya mavuno hushindana kuvuta watu, na watunzi wao hujibizana kwa nyimbo, kama walivyokuwa wakijibizana Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu. Dawa na hirizi zinazoandamana na ngoma zile hatuzikubali. Lakini ufundi wa kutunga, wa kulifunga neno na kulifungua, Mwenyezi Mungu hakuwapa watu wa pwani peke yao. Sura ya 26 ya Qur'ani imeitwa Washairi, na mwishoni mwake wamelaumiwa washairi wanaofuatwa na wapotofu, kisha wakatolewa katika lawama hiyo walioamini na wakatenda mema. Kipimo kilichowekwa pale ni imani na vitendo, wala hakikutajwa kabila.

Yule mtoto sikumwona tena kwa muda mrefu. Lakini neno lake nililisikia. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama, ikija kwetu kutoka Bukoba, na mamia ya watu wakafa maji. Siku zile Mwanza hapakuwa na nyumba isiyokuwa na kilio. Tuliwasalia tuliowatambua na tukawaombea tusiowaona. Nilikuwa ufukweni na watu wengi tunangoja habari, na ubavuni pangu amekaa bibi kizee wa Kisukuma, anatikisa kichwa polepole, anaimba kwa sauti ya chini inayokatika. Nikalisikia: Liwelelo. Safari hii nililijua. Nikainua mikono nikasema, “Amin.” Bibi akanitazama, akaona kanzu na kofia yangu, akaendelea kuimba, nami nikaendelea kuitikia amin, kila mmoja kwa lugha yake, mpaka jua likachwa.

Mwaka 2009 nilikuwa katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, nanunua dagaa. Mwanamume mmoja mwenye ndevu zilizoanza mvi akaacha mzani wake, akanijia.

“Shikamoo mwalimu. Umenisahau?”

Nilimtambua kwa sauti. Nikamshika mkono mbele za watu, nikamwambia kuwa nilimpiga kwa ujinga wangu, na kwamba namwomba radhi hapa duniani kabla ya kesho akhera. Akacheka kwa haya, akasema, “Bakora za chuoni, mwalimu, nani hakupigwa? Nimekusamehe siku nyingi.”

Nikamwomba aniimbie wimbo ule wa bibi yake. Akatazama ziwani. Akaanza maneno mawili matatu, akasita, akaanza tena, akasita.

“Umenipotea, mwalimu,” akasema. “Bibi amekufa zamani. Na mimi tangu siku ile sikuuimba tena. Ulinifunza kuwa ni haramu, nami nililishika neno lako.”

“Na watoto wako?”

“Hawaujui.”

Msamaha alinipa. Lakini wimbo hakuwa nao tena wa kunipa, na mimi ndiye niliyemnyang'anya.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiria sana mtu mmoja wa kisiwa cha Ukerewe, jirani zetu wa ng'ambo ya maji. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, hakuwa Muislamu. Lakini hekima ni kitu kilichopotea cha Muumini, huiokota popote aikutapo. Mtu huyu aliona maneno ya wazee wake yanazikwa pamoja nao, akakaa akaandika kwa Kikerewe kitabu kirefu cha habari za Bwana Myombekere na mkewe Bibi Bugonoka, waliokuwa wakitamani mtoto. Alikimaliza mwaka 1945. Wasomaji wa Kikerewe ni wachache, hakupata wa kukichapa. Hakukata tamaa, alikifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na mwaka 1980 Tanzania Publishing House ikakitoa kwa juzuu mbili. Mwenyewe alifariki mwaka 1981, na nakala zilikuwa hazijamfikia mkononi. Muda wa miaka 35 alikilinda kitabu hicho.

Nilikisoma nikiwa mtu mzima. Mna pombe na mna uganga ambao sisi hatuukubali. Lakini mna pia adabu ya mkwe kwa mkwe, subira ya mke na mume, na majina ya samaki, miti na vyombo ambayo vijana wa Nansio wenyewe wengine hawayajui leo. Nikasema: mwenzangu huyu aliyatia maneno ya bibi yake wino kwa miaka 35, na mimi nikautia wimbo wa bibi wa mwenzangu bakora kwa dakika tano.

Basi, ewe baba, ewe mama, uliye Tanga, Mombasa, Unguja, Lamu au popote unaposoma karatasi hii, nakuachia wasia mdogo. Mtoto wako akirudi chuoni akakuimbia kasida, mfurahie, kisha umwulize, “Maana yake nini, mwanangu?” Akiwa hajui, umtume kwa mwalimu wake akaulize, na mwalimu akiwa hajui, asione haya kwenda kuuliza mbele. Ikipigwa taarabu harusini kwako, sikiliza kinachosemwa chini ya sauti tamu, na utazame ni nani anayetoka akilia. Na mfanyakazi wako wa nyumbani kutoka bara, au jirani yako, akiimba kwa lugha usiyoijua, usifanye haraka ya kusema ni upuuzi au ni ushirikina. Mwulize kwa upole anaimba nini. Huenda anamwimbia mama yake aliyemwacha mbali, na huenda anamwomba Yule Yule unayemwomba wewe.

Na sisi walimu, tuiweke bakora chini mpaka tuulize. Chuoni kwangu leo, kila Alkhamisi baada ya Burda, mtoto mmoja husimama akatuambia maana ya beti mbili kwa Kiswahili, na anayetaka akazieleza kwa lugha ya mama yake, awe Msukuma, Mkerewe, Mhaya au Mjita. Wenziwe huitikia. Ni jambo dogo, na wimbo uliopotea haurudishi. Lakini sijui njia nyingine ya kulipa deni hili.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyahukumu bila ya kuyajua, awarehemu waliokufa maji katika ziwa letu, na azijaalie ndimi zetu, kwa lugha zote alizoziumba, kuwa ni zenye kumtaja Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.